Mchezo Uliotugharimu Jina la Mtu

Leo tumeamua kuandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kuwa ni la watoto tu, yaani michezo ya kwenye runinga na vile vyombo vya burudani vinavyozidi kujaa sebuleni mwetu mwaka hadi mwaka. Tunasema "tumeamua" kwa sababu makala haya ni ya watu wawili. Kalamu ameishika mama, ambaye ni muuguzi, lakini baba watoto, ambaye ni fundi seremala, ameketi kando yake na kila mstari ameusoma. Yaliyotupata yalitupata sote wawili, na kosa tutakalolisimulia tulilifanya sote wawili.

Sisi tumekulia katika nyumba zenye redio moja. Redio hiyo ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mtoto hakuruhusiwa kuigusa. Tulikusanyika kusikiliza hadithi za kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania, na betri zilipochoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini huku Bara tulisubiri hadi mwaka 1994. Hata ilipokuja, ilikuwa kwa jirani. Tulivua viatu mlangoni, tukakaa sakafuni, na mwenye nyumba akipiga miayo tulijua wakati wa kuondoka umefika. Michezo yetu ilikuwa rede, kombolela na bao la kuchimba chini.

Kwa hiyo tulipojenga nyumba yetu hapa Morogoro na Mungu akatujalia watoto watatu, hatukuwa na mfano wa kufuata. Wazazi wetu walitufundisha kupika, kulima na kuheshimu wakubwa. Hawakuweza kutufundisha kulea mtoto mbele ya kioo, maana wao wenyewe hawakulelewa hivyo.

Basi tukajitungia sheria: runinga ruksa, gemu marufuku. Tuliona hiyo yatosha. Tulipowasikia wazazi wengine wakilalamika kwamba watoto wao hawatoki kwenye gemu, tulitikisa vichwa kwa huruma, na tukubali tu, kwa kiburi kidogo pia. Kwetu kitu hicho hakikuwamo. Hatukujiuliza kama mtoto naye alikuwamo.

KOPO LA AKINA MAMA

Mama wa nyumba hii ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kanisani. Michango ya kuwatembelea wagonjwa na waliojifungua tulikuwa tukiitunza katika kopo la maziwa ya unga, ndani ya kabati la chumbani, mpaka mwisho wa mwezi ipelekwe benki. Tunajua sasa kwamba haikuwa busara, lakini ndivyo tulivyofanya kwa miaka mingi na haikupungua hata senti.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 tulihesabu fedha za kopo tukakuta zimepungua shilingi 46,000. Tulihesabu mara ya pili, na ya tatu. Baba alichukua daftari akajumlisha mwenyewe. Upungufu ulikuwa ni ule ule.

Nyumbani tulikuwa sisi wawili, kijana wetu wa kati mwenye miaka 12 aliyekuwa darasa la sita, kitinda mimba wa miaka minne, na binti aliyetusaidia kazi. Binti yetu mkubwa alikuwa shuleni, bweni. Yule msaidizi watoto walimwita dada. Alikuwa na miaka 19, na alikuwa amekaa nasi miaka miwili. Usiku mama alipokuwa zamu, dada ndiye aliyeamka mtoto akikohoa.

Wasomaji, mnajua tulianzia wapi. Hatukuwauliza watoto wetu. Hatukuulizana hata sisi wawili. Tulimwita dada. Tulijidai kwamba tunauliza tu, lakini baada ya dakika kumi tulikuwa tumelimwaga begi lake juu ya mkeka, watoto wakitazama. Mlikuwa na nguo tatu, kitabu cha nyimbo, na shilingi 30,000 zilizofungwa kwenye leso.

"Na hizi je?" tulimwuliza.

"Ni mshahara wangu, mama. Mlinipa wenyewe."

Alikuwa akisema kweli. Tulimpa kwa mikono yetu. Lakini mtu akishaamua, masikio huziba. Tulizichukua zile fedha tukazitia koponi, na asubuhi yake tukampandisha basi la Turiani arudi kwao. Alilia kuanzia nyumbani hadi stendi. Kijana wetu alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, hakusema neno. Tulidhani anamwonea dada huruma.

Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, tulikwenda akina mama watatu wa kikundi kumtazama mzazi aliyejifungua mtaa wa pili. Tulimwogesha mtoto, tukampikia mama yake uji, tukaomba. Nyumba ya jirani kulikuwa na kelele za vijana. Tulipotoka tulisikia mmoja akisema kwa sauti, "Bosi, tuongezee mechi nyingine!" Na sauti iliyojibu tuliijua hata kabla hatujageuka.

Kilikuwa chumba cha mabati chenye pazia mlangoni. Ndani mlikuwa na runinga mbili, benchi mbili, na vijana kama kumi wamebanana, wawili wawili wameshika pedi za gemu. Bosi alikuwa mwanetu. Saa ile tulijua yuko masomo ya ziada ya hesabu. Mmoja wa akina mama tuliokuwa nao alitutazama, akasema polepole, "Huyu si kijana wenu?" Hakuongeza jingine, na hakukuwa na haja ya kuongeza.

MECHI TISINI NA MBILI

Jioni ile baba alitoka karakana akiwa na fimbo tayari. Kijana hakukimbia. Alisema, "Dada hakuchukua. Ni mimi." Kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: "Nilitaka kusema siku ile mlipomwaga begi, nikaogopa."

Fimbo ilibaki mkononi mwa baba bila kazi. Ungempiga nani? Mtoto alikuwa mwoga, lakini sisi tulikuwa watu wazima, na ndio tuliomwaga begi.

Mechi moja pale ilikuwa shilingi 500. Baba, ambaye kazi yake ni vipimo, aligawa palepale: 46,000 kwa 500 ni mechi 92. Tukamwuliza mtoto, inawezekanaje mtu mmoja acheze mechi 92 katika wiki tano? Akasema hakucheza zote yeye. Zaidi ya nusu aliwalipia wenzake.

"Kwa nini uwalipie?"

"Nikiwalipia wananisubiri. Wananiwekea nafasi kwenye benchi."

Wazazi wenzetu, tulikaa kimya. Nani alikuwa akimsubiri mtoto huyu nyumbani? Mama alikuwa na zamu za usiku, na mchana alilala. Siku ambazo hakuwa zamu alikuwa kwenye kikundi. Baba alifunga karakana saa mbili usiku. Dada yake mkubwa alikuwa bweni. Aliyekuwa akimsubiri kila siku alikuwa msichana wa kazi, na huyo tulimfukuza.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi sisi wawili pamoja na kijana. Tulipita mashamba ya miwa ya Mtibwa bila kuongea. Tulimkuta mama mzazi wa binti akipepeta mchele uani. Alitukaribisha viti, akatuletea maji ya kunywa, akaketi. Baba alieleza yote, hakuficha. Kijana naye alipiga magoti akaomba radhi kwa kinywa chake. Tulirudisha zile shilingi 30,000, tukaongeza mshahara wa mwezi ambao hakuufanya kazi kwa sababu yetu.

Yule mama alizipokea fedha, akamkabidhi bintiye. Kisha akatuuliza kwa upole sana: "Hela mmezileta. Na jina lake mtalirudishaje? Maana hapa kijijini walimwona akishuka basi analia."

Tulikuwa tumefika na fedha tukidhani deni ni la fedha. Kabla ya kuondoka tulikwenda naye nyumba tatu za jirani, na kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukasema mbele yao kwamba binti huyu hakuiba, sisi ndio tuliokosa. Na tuliporudi Morogoro, siku ya kikundi, mama alisimama akawaambia akina mama wote habari za kopo, akarudisha shilingi 46,000, na akaomba mweka hazina mwingine achaguliwe. Kikundi kilimrudishia kazi, ila fedha sasa hazilali nyumbani kwa mtu.

Tulimwomba dada arudi. Alikataa. Alisema amesamehe, lakini hawezi kulala tena katika nyumba ile. Alitaka kujifunza ushonaji, nasi tukachangia cherehani. Tusieleweke vibaya: hatukununua msamaha. Tulilipa sehemu ya deni, na sehemu nyingine bado tunaidaiwa.

Kijana alipangiwa kazi karakana kila Jumamosi asubuhi, kupiga msasa na kufagia randa, kwa shilingi 2,000. Hazikuingia mfukoni mwake, zilirudi kwetu kulipa deni. Ilimchukua Jumamosi 23. Hakukosa hata moja.

TUKANUNUA MASHINE

Sasa mtashangaa. Mwaka uliofuata tulifanya kile tulichokuwa tumekipiga marufuku. Tulinunua mashine ya michezo. Baadhi ya ndugu zetu walituona tumerukwa na akili: mtoto kaiba kwa ajili ya gemu, nanyi mnamletea gemu nyumbani?

Tulikuwa tumefikiri sana. Mtoto hakuwa akililia mashine tu, alikuwa akililia watu. Na tulipoanza kusoma habari za vyombo hivi tukagundua jambo. Mashine ya kwanza ya kucheza kwenye runinga ya nyumbani kuuzwa madukani ilitoka Marekani mwaka 1972, ikaitwa Odyssey. Aliyeibuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani, ambaye familia yake ya Kiyahudi ilikimbia mateso mwaka 1938 akiwa kijana. Mashine yake ilionyesha vidoa vichache vya mwanga tu, na ndani ya boksi lake watu walikuta pia dado, karata na noti za kuchezea. Mchezo wake wa tenisi ya mezani ulihitaji watu wawili, maana mashine haikujua kucheza yenyewe. Hata kampuni ya Nintendo ya Japani, ambayo jina lake limejaa kwenye michezo hii, ilianza mwaka 1889 ikitengeneza karata. Yaani mizizi ya jambo hili ni watu kuketi pamoja. Aliyeketi peke yake ndiye aliyekuja baadaye.

Hivyo tulitafuta mashine ya kuwakusanya watu. Tulinunua Wii iliyotumika, ya hiyo hiyo kampuni ya Nintendo. Mashine hii ilitoka mwaka 2006 na haitengenezwi tena, kwa hiyo bei yake ni nafuu kuliko mpya za leo. Huchezwi kwa kubonyeza tu. Unashika kitu kama rimoti na kukipunga kama unapiga tenisi au unabingirisha mpira wa bouling. Bibi anaweza kucheza, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumshinda.

Mkitaka kununua chombo kilichotumika, tunawapa mambo matatu tuliyojifunza. Kwanza, someni maandishi ya kwenye adapta. Umeme wetu ni volti 230. Adapta ikiandikwa 100 hadi 240, hamna tatizo, lakini ikiandikwa 100 au 120 peke yake, imetoka Japani au Marekani na ukiichomeka ukutani itaungua. Pili, angalieni kama diski zake zinapatikana, maana Wii ya nchi moja haikubali diski ya eneo jingine. Tatu, pigeni hesabu ya umeme. Ukikadiria kwamba mashine na runinga kwa pamoja zinakula wati 150, saa nne kwa siku ni uniti 18 za LUKU kwa mwezi. Saa moja kwa siku ni uniti nne na nusu. Tofauti hiyo ni sukari ya nyumbani.

Wiki za kwanza hazikuwa rahisi, na aliyetusumbua zaidi hakuwa mtoto. Asubuhi moja mama alirudi zamu saa moja na nusu akamkuta baba watoto amelala kwenye kochi, runinga inawaka, kamba ya rimoti bado imefungwa mkononi. Alikuwa akitafuta kumshinda mwanawe kwenye bouling. Tulicheka, lakini pia tuliona ukweli: vitu hivi vimetengenezwa vivute, na vinamvuta mwenye ndevu kama asiye na ndevu. Sheria ya nyumba ikabidi iwahusu wote.

SHERIA ZETU NA SABABU ZAKE

Tunaziandika hapa, si kwa sababu ni amri kwa kila nyumba, bali zimetusaidia.

Mashine inakaa sebuleni, haiingii chumbani. Inawashwa Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili alasiri, baada ya kazi za nyumbani na za shule. Hakuna anayecheza peke yake kama kuna mtu mwingine nyumbani anayetaka kucheza. Na saa tatu usiku inazimwa, awe ni baba au ni nani.

Kitinda mimba wetu alikuwa na sheria yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hashauriwi kukalishwa mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Mwongozo huo unahesabu simu pia. Akina mama, tujichunguze. Ni mara ngapi tumempa mtoto wa mwaka mmoja simu ili anyamaze tumalize kupika? Sisi tumefanya hivyo. Hatufanyi tena.

Wengine hutuuliza kama mtoto wetu alikuwa na ugonjwa wa gemu. Ugonjwa huo upo, na tangu Januari mwaka 2022 umo katika orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotumika sasa. Lakini una dalili zake: mtu hawezi tena kujizuia, gemu inatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida dalili hizo zionekane kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kijana anayependa gemu kupita kiasi kwa mwezi mmoja si mgonjwa. Wetu hakuwa mgonjwa, alikuwa mpweke. Mzazi anayeona dalili zile kwa muda mrefu asione haya kumpeleka mtoto kwa daktari.

Kuna hatari mbili zaidi ambazo kama muuguzi mama hawezi kuzinyamazia.

Ya kwanza ni mwanga wa kumetameta. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukibadilishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Watoto wa namna hii ni wachache, lakini mama hajui wake ni yupi mpaka siku hiyo. Basi washeni taa ya sebuleni wakati wa kucheza, na mtoto akae mbali na kioo. Akianguka degedege, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mpelekeni hospitali.

Ya pili ni betri zile ndogo za duara kama kifungo cha shati. Zimo kwenye rimoti ndogo, kwenye wanasesere wanaoimba, kwenye mizani na saa. Mtoto akimeza, betri ikinasa kooni inaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili. Mara nyingi wazazi hudhani ni sarafu, wakasubiri itoke chooni. Msisubiri. Msimtapishe. Kimbilieni hospitali palepale mkaseme wazi kwamba ni betri. Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mnaweza kumpa njiani asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, hadi mara sita, lakini msichelewe hata dakika moja kwa kutafuta asali. Na leo hii, kabla hamjaweka gazeti hili chini, zungukeni sebuleni mtazame rimoti ambazo mfuniko wake umepotea. Fungeni kwa gundi ya karatasi.

MEZA YA KERAM

Umeme hukatika, mnajua. Jioni moja ulikatika katikati ya mchezo, watoto wakaguna. Baba akawasha taa ya chemli, akaleta ubao aliokuwa akiuficha karakana. Alikuwa ametengeneza keram, mraba wa kuchezea wa sentimita 74, yenye mifuko minne pembeni, na kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na malkia mmoja mwekundu. Unga wa kuteleza tulitumia poda ya mtoto. Tulicheza mpaka saa nne, tukaisahau sheria ya saa tatu.

Siku hizi ubao huo unatumika kuliko mashine, ingawa mashine bado ipo na hatujaichukia. Vijana wa mtaani huja Jumamosi, baadhi yao ni wale wale wa kwenye benchi. Ni makelele, ni viatu mlangoni, na sukari inakwisha upesi. Lakini tunajua mwanetu yuko wapi, na tumewajua rafiki zake kwa majina. Mama alibadilishana zamu ili Jumamosi jioni awepo, na baba anafunga karakana saa kumi na mbili siku mbili kwa wiki. Mapato yamepungua kidogo. Tumeamua kwamba hiyo nayo ni bei ya mchezo, na ni halali kuliko ile ya kwanza.

Krismasi ya mwaka 2024 dada alikuja. Ana wateja wake sasa, na alikuja kumpima nguo binti yetu mkubwa. Tulikuwa sebuleni na wageni. Kijana wetu, ambaye sasa anatuzidi urefu, aliinuka kwenye kiti chake bila kuambiwa, akampisha, akamletea rimoti. Dada akasema hajui kucheza. Kijana akamfundisha kupunga, na mara ya tatu akaangusha vile vichupa vyote kumi. Alicheka kicheko kile cha zamani, cha jikoni.

Jioni tulimwomba alale. Alishukuru, akasema atalala kwa shangazi yake. Hatukumsihi zaidi. Tulimsindikiza sote hadi njia panda, na kijana ndiye aliyembebea begi.

Akina mama, runinga, mashine, simu na redio tununue kadiri ya uwezo wetu. Si dhambi nyumba kuwa na furaha. Lakini kabla ya kuuliza kuna nini ndani ya kile chombo, tuulize kuna nani nyumbani. Na kitu kikipotea, tusianze kwa mtu ambaye hana wa kumtetea.